Kilele Namba 114 na Mzee Nyamwange

Tarehe 30 Juni 1978, Mzee Zakaria Nyamwange anaweka chini mnyororo wa kupimia baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya upimaji hapa Kericho. Alianza kwa kubeba saruji ya kujengea bikoni, zile nguzo za alama za wapimaji, huko milimani. Anaondoka akiwa kiongozi wa kikosi.

Wengi watamkumbuka kwa viazi vitamu vya mfukoni na kwa kutuharakisha tushuke kabla ya mvua ya saa tisa. Mimi namkumbuka kwa kilele kimoja.

Kiko mbali juu ya msitu, mashariki ya mashamba ya chai, futi elfu tisa na zaidi. Kwenye ramani ya zamani kiliitwa Namba 114, basi. Mwaka 1967 ramani ilipochorwa upya, Mzee alitumwa kuleta jina. Kanuni yetu ni kuuliza watu watatu, kila mmoja peke yake. Aliuliza watatu, wote wakasema Kengele. Mimi ndiye niliyeliandika kwa wino, na zile herufi nilijivunia sana.

Kumbe wote watatu walikuwa wachuma chai wa kambi moja, wageni kutoka Kisii, kwao Mzee, mmoja shemeji yake. Kambini, jua likichomoza juu ya kilele kile, kengele ya kazi hugongwa. Jina lilitoka hapo.

Ramani ikingoja kupelekwa Nairobi kupigwa chapa, Mzee alirudi kukagua bikoni, akaomba maji kwa Bi Chepyegon, mwenyeji wa chini ya mlima. Katika maongezi akakitaja kilele. Mama yule akamweleza kwamba kinaitwa Tulwop Soet, kilima cha nyati, tangu kabla chai haijapandwa. Kisha akasema, "Baba yangu aliuawa na nyati huko juu. Wajukuu wakiuliza ni wapi, niwaambie Kengele?"

Wiki hiyo Mzee alikuwa anangojea kupandishwa cheo. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini aliingia kwa mkubwa, akakiri kosa na kuomba ramani izuiwe. Akazunguka mlima siku nne, upande wa Bomet na upande wa Kericho, na kila boma likampa jina lile la Bi Chepyegon. Nikakwangua Kengele kwa wembe. Cheo kilimwendea mwingine, naye Mzee akakingoja miaka sita. Sijamsikia akilalamika hata siku moja, ila mimi kiliniuma na bado kinaniuma.

Mwezi uliopita, sisi wa chumba cha kuchora tuliona kijito kisicho na jina karibu na Kapkatet, tukakubaliana kukiita Nyamwange, iwe zawadi ya kuagana. Alitushukuru, akaomba siku mbili. Alirudi na matope hadi magotini, na karatasi aliyoandika kwa penseli jina la kijito. Kilikuwa nalo siku zote.

Asante, Mzee. Mkeo, Mama Bonareri, anakungoja Keroka. Tunakuombea afya, na miaka mingi ya kukaa nyumbani.

Muturi, chumba cha kuchora ramani