Dereva Aliyezunguka Ziwa

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dulmaa, kitindamimba wa marehemu, nimepewa heshima ya kuwasomea safari ya maisha ya baba yetu, nami sitarefusha, kwa kuwa lama, mtawa wetu wa Kibudha, ameagiza awe amelazwa kilimani, ng'ambo ya ziwa, kabla ya saa sita mchana, sasa ni saa mbili asubuhi, na hadi dakika hii ukoo haujakubaliana apitishwe njia gani.

Marehemu Sambuu Dashzeveg alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1951, hapa mkoani Huvsgul, mtoto wa kwanza wa mfugaji wa ng'ombe aina ya yaki, akasoma shule ya bweni ya wilaya kuanzia 1959 hadi 1969, na mwaka 1970 akaingia jeshini, ambako alikabidhiwa gari la Kirusi linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mama husema huyo ndiye aliyekuwa mchumba wake wa kwanza. Kuanzia 1974 alimwendesha daktari wa mifugo wa ushirika, na tarehe 6 Julai 1978 akamwoa mama yetu, Tsevelmaa, wakajaliwa kaka zangu wawili, na mwishowe mimi, Novemba 1993.

Ushirika ulipovunjika mwaka 1992, aligawiwa lile gari la daktari, likawa gari lake mwenyewe la kwanza, akalipenda jamani, hata mama akitaka kuyanyunyizia magurudumu maziwa ya kuombea safari, baba alikuwa akiyafuta tope kwanza. Tarehe 23 Aprili 1994 alikuwa akitupeleka mama na mimi kwa bibi, juu ya barafu ya ziwa, na kila dereva wa ziwa hili anajua kwamba barafu huvukwa milango ikiwa wazi, ili gari likizama watu watoke, lakini mimi nilikuwa nalia, mama akamwambia, “Funga bwana, mtoto anaganda,” naye kwa huruma akafunga. Barafu ikapasuka, gari likazama pua mbele, baba akavunja kioo kwa buti, akamsukuma mama nje, akanivuta mimi kwa nguo, na mkono wake wa kushoto ukabaki na vidole vitatu, hivyo mlivyozoea kuviona kwenye usukani.

Tangu siku ile hakukanyaga barafu tena. Mwaka 1996 alinunua furgoni, basi dogo la kijivu, nalo pia la kuvuta kwa magurudumu yote manne, akabeba maharusi, wagonjwa na mbuzi, na siku rejeta ilipovuja jangwani aliijaza chai ya maziwa, tukafika harusini tukinuka kama jiko, na mwaka 2011 akapata Landkruza, ambayo ndiyo alinifundishia, akisema, “Gia ndogo huwekwa kabla ya tope, binti yangu, siyo ukishazama.” Kila majira ya baridi wenzake walivuka ziwa kwa nusu saa, yeye akazunguka mlimani kwa mwendo wa saa tatu na nusu, na mdogo wake Gonchig, baba yangu mdogo, hakuchoka kumtania, “Kaka, ukifika utatukuta tuna wajukuu!” naye alijibu neno moja tu, “Nitafika.”

Mnamo Mei 2021 aligundulika na ugonjwa wa ini, akatibiwa mjini, akaomba kurudishwa hemani kwake, na Jumapili tarehe 9 Aprili 2023, baada ya kuniwekea ufunguo wa Landkruza mkononi, alituaga. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na maziwa, na madereva wenzake.

Baba mdogo Gonchig, tangu jana unasema barafu bado ni nene, tusije tukachelewa saa ya lama, nami najua unasema kwa uchungu, hata mimi naogopa kuchelewa. Lakini mtu aliyezunguka miaka ishirini na tisa ili sisi tuwe hai, simpitishi juu ya barafu leo eti kwa kuwa hawezi tena kukataa. Atapita mlimani, kwa gia ndogo, mimi nikiendesha, na atakayevuka ziwani aache milango wazi.

Mama ameshanyunyiza maziwa, na mara hii magurudumu nimeyafuta mimi.

Tulia hapo nyuma, baba, upumzike. Utafika.