Karatasi Niliyowaandikia Watu wa Bondeni

Ondoeni hicho kikombe mbele yangu, wanangu, kabla sijakitapikia, maana hiyo si kahawa, hayo ni maji ya kusuuzia sufuria, na mimi sikuonja kahawa za watu miaka arobaini ili nije kufa na uchafu wa kopo mdomoni. Daktari amesema ninywe kitu cha moto. Mwambieni nimekunywa. Haya, kaeni. Wewe kifungua mimba wangu kaa hapo miguuni nikuone usoni, wewe binti yangu sogea huku kichwani, na wewe kitinda mimba shika kalamu uandike kama ninavyosema, wala usinipambie maneno, maana nakujua, wewe ukimwandikia mtu barua ya kuomba likizo utadhani anaomba uchumba. Andika hata matusi.

Leo Jumanne. Keshokutwa chama cha wakulima kinakaa kikao, na kaka yenu huyu hapa miguuni, aliyekalia kiti changu cha mwonjaji mkuu tangu nianze kuugua, atasimama mbele ya wajumbe na ile karatasi yangu ya zamani mkononi, awasomee kwamba kahawa ya bondeni ni chafu na haisafishiki, halafu wanyooshe mikono ifutwe kwenye orodha, isipokelewe ghalani tena mpaka kiama. Usitikise kichwa, mwanangu. Uliuacha mkoba wazi hapa kitandani ulipokwenda kunawa, na macho yangu bado mazima. Watu wa bondeni wakifutwa watang'oa mibuni michache waliyobaki nayo, na mbuni ukishang'olewa, mtoto aliyezaliwa siku hiyo atakuwa anakimbia na kutukana wakubwa kabla mwingine haujazaa. Basi nisikilizeni nikiwa bado na pumzi, kwa sababu ile karatasi ni uongo, na mwongo aliyeiandika ni baba yenu.

Nyinyi mmekulia mjini, kahawa mnaijua ikiwa ndani ya gunia, kwa hiyo nivumilieni niwaeleze. Nchi hii ina kahawa tatu, na kila moja ina tabia yake kama nyinyi watatu mlivyotoka tumbo moja hamfanani. Huku kwetu milimani kuna baridi na ukungu, tunda linachukua miezi mingi kuiva, tunalichuma jekundu peke yake, tunalimenya siku hiyo hiyo, buni tunailoweka ndani ya maji siku mbili mpaka ule utelezi uachie, tunaiosha, tunaianika kwenye vitanda vya waya, na ukiionja inachangamka ulimini. Kule uwandani, kwenye jua kali na mashamba ya wakubwa, maji yanakuja kwa bomba, mibuni imepangwa mistari kama askari, na vibarua wanalipwa kwa uzito, kwa hiyo wanakamua tawi zima, jekundu, bichi, majani na sisimizi humo humo, ptuu, na bado kahawa yao inapita, kwa sababu mwenye shamba anamjua mwenye chama. Halafu kuna bondeni. Kule ni joto na unyevu, mibuni yao ni mirefu, majani mapana kama kiganja cha mwashi, na tangu mababu zao walikuwa hawamenyi wala hawaloweki: walilianika tunda zima na ganda lake kwenye mikeka iliyoinuliwa juu ya vigingi, wakiligeuza asubuhi, wakilifunika jua likichachamaa, wiki tatu, ndipo wakalikoboa. Kahawa yao nzito, chungu mwanzo na tamu nyuma. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, lakini mimi nilitaka wote waruke kwa ubawa wangu.

Nilikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, nimetoka masomoni, nina koti jeupe na kijiko cha fedha, na kiburi kimenijaa mpaka kwenye kope. Chama kikaniagiza niandike maelekezo ya kahawa safi kwa nchi nzima. Nikayaandikia wapi? Milimani, ofisini kwangu, nimevaa sweta, dirisha limefungwa kwa baridi. Nikaandika: kila mkulima amenye, aloweke siku mbili, aoshe, aanike. Nikapiga muhuri. Bondeni sikuwahi kulala hata siku moja, wanangu, sikuwahi hata kuligusa tope lake, lakini niliwaandikia namna ya kuishi na mali yao, kisha nikapanda gari la chama nikawapelekea.

Tuliwakusanya kwenye uwanja wa shule. Nilipofika kwenye siku mbili za maji, akasimama mwanamke mmoja, kanga kifuani, miguu ina vumbi la buni, akauliza kwa adabu kabisa: "Mzee, huko kwenu maziwa yakikaa nje yanaganda baada ya muda gani?" Nikamwambia siku mbili, tatu. Akasema, "Hapa kwetu ukiyaweka asubuhi, jioni yameganda. Sasa hiyo kahawa tutaiachaje siku mbili?" Watu wakanitazama. Nami nikafanya nini? Nikacheka. Nikamwambia, mama, kahawa haina chuchu. Wenzangu wa kwenye gari wakaangua kicheko, uwanja mzima ukacheka kwa kunifurahisha, na yule mama akakaa chini taratibu akaangalia mikono yake. Ndiyo busara yangu ya masomoni hiyo.

Wakafanya nilivyowaagiza, kwa sababu muhuri ulikuwa wangu na ghala lilikuwa letu. Msimu ule magunia ya bondeni yalikuja yananuka kama kidonda. Buni moja iliyooza inatosha kuharibu kikombe kizima, na hizo zilikuwa zimeoza gunia kwa gunia, kwa joto, ndani ya maji yangu ya siku mbili. Je, nilijiuliza? Hata! Nikachukua kalamu nikaandika ile karatasi: kahawa ya bondeni ni chafu kwa asili, na wakulima wake hawafundishiki. Gunia la kwanza nikalipasua kwa kisu, nikalimwaga chini uani mbele ya wapagazi na wenye nalo, nikalikanyaga kwa kiatu. Nyani haoni kundule. Mwaka wa pili ikawa hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo, na mibuni ikaanza kung'olewa, wakapanda mihogo, vijana wakaondoka.

Mwaka wa nne likaja gunia moja tu lisilonuka. La nani? La yule mama wa maziwa. Alikuwa ameyatupa maelekezo yangu, amerudi kwenye mikeka yake, ndiyo maana hata leo watu wanamwita Bi Mikeka. Nikaikaanga buni yake mwenyewe, nikaisaga, nikaimwagia maji, nikavuta kwa kijiko. Sasa andika vizuri hapa, kitinda mimba. Mwonjaji hamezi. Anavuta, anaizungusha mdomoni, anatema ndooni. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kutema. Siku ile sikutema. Niliimeza, nikachota tena nikameza, mlango nikiwa nimeufunga, mpaka kikombe kikawa kitupu. Ilikuwa kahawa nzuri kuliko yetu. Kisha nikavuta karatasi nikaandika: inanuka, ikataliwe.

Kwa nini? Nisingeandika hivyo, ningeulizwa: mbona huyu aliyekataa maelekezo yako ndiye mwenye kahawa safi? Basi. Sababu yenyewe ndogo, haijai hata kiganjani. Nilichagua jina langu, na kwa ajili ya jina langu bonde zima likang'oa mibuni, na mimi nikaitwa mwonjaji mkuu, nikapewa saa ya ukutani, ile pale, na kila ikigonga naziba masikio.

Binti yangu, usilie bado, zamu yako haijafika. Ulipokuja kuniambia umempata mchumba, na mchumba mwenyewe ni mtoto wa Bi Mikeka, ulidhani nimekasirika kwa sababu ni maskini. Nikakwambia unakwenda kuolewa kwenye uchafu, nikasusa arusi yako, nikakaa humu ndani siku nzima mlango umefungwa wakati mama yenu, Mungu amrehemu, anakwenda peke yake kama mjane. Haikuwa umaskini, mwanangu. Niliogopa kukaa meza moja na yule mama nikamtazama usoni. Miaka kumi na tisa umekuwa ukija kwangu kwa kujiiba, wajukuu nawajua kwa picha. Na leo Bi Mikeka mwenyewe, mkwe wangu, amekusindikiza mpaka hapa, safari ya kutwa nzima, amekaa barazani, hajaomba kuingia wala mimi sijamkaribisha. Ptuu! Nipe kitambaa. Najitemea mwenyewe.

Kifungua mimba, sasa mimi na wewe. Mavi ya kale hayanuki, ndivyo ulivyoninong'oneza jana nilipotaka kuanza maneno haya. Haya ya kwangu yananuka mpaka leo, na wewe umeyachota ukayatia kwenye mkoba wa ngozi. Unafikiri sijui mnachokifanya ghalani? Mnaikataa kahawa ya bondeni mezani, kisha mnaipokea kwa mlango wa nyuma kwa bei ya takataka, mnaichanganya na yetu ili izidi uzito mdomoni, na gunia mnaliandika kahawa ya milima mirefu. Kwenye karatasi inanuka, kwenye gunia lenu hainuki! Ikifutwa kwenye orodha ndiyo mtaipata bure kabisa. Hukunyonya hayo kwa mama yako. Umenirithi mimi kabla sijafa, na nikikutazama najiona nikiwa na koti jeupe, na sipendi ninachokiona.

Keshokutwa utasimama kikaoni kama ulivyopanga. Ile karatasi utaitoa, uisome yote, wajumbe waisikie. Halafu utasoma hii anayoiandika mdogo wako, kuanzia kikombe cha kopo mpaka mwisho, na mlango wa nyuma usiuruke. Watakuzomea. Huenda kiti wakakunyang'anya, na jina la baba yako likafutwa pale kwenye mlango wa chumba cha kuonjea. Lifutwe. Ukifanya hivyo, una radhi yangu duniani na akhera. Usipofanya, radhi yangu huna, na usije ukasema mzee alikuwa akiweweseka; mdogo wako ameandika na dada yako amesikia.

Vitu vyangu si vingi. Nyumba hii ni yenu watatu, isiuzwe wala asifukuzwe mtu. Kishamba cha nyuma ni cha kitinda mimba, kwa sababu ndiye pekee aliyewahi kukipalilia bila kuagizwa. Meza ya kuonjea, ile ya duara inayozunguka, na kikaangio, na mizani ndogo, na kijiko, ni vya binti yangu, aviteremshe bondeni, avitie chini ya paa la mkwe wake, wajifunze kuonja kahawa yao wenyewe wasingoje ulimi wa mtu wa milimani kuwaambia kama ni tamu. Kijiko kisiguswe na mwingine. Kaka mtu, meza hiyo utaibeba wewe mpaka huko. Nzito, ndiyo, najua ni nzito.

Maji... hapana, maji matupu. Asante, mama. Pumzi inakuja vipande vipande.

Ninyi watatu, shikaneni mikono. Mungu awape riziki isiyo na aibu ndani yake. Akupeni wenza wa kuwakatalia mnapokosea, na masikio ya kuwasikia. Msiwaandikie watu sheria ya mahali msipolala. Mkikosea, semeni mapema, kungali asubuhi. Msingoje kama mimi mpaka... mpaka daktari aache kukutazama usoni. Amina, semeni amina, sauti zenu ziko wapi?

Limebaki moja. Niliyatenda mbele ya watu, siwezi kuyafuta chumbani. Msimwite mkwe wangu, Bi Mikeka, aje humu. Kwa nini aje yeye? Nitoeni mimi. Godoro na vyote. Kifungua mimba, shika upande wa kichwa, dada yako miguuni. Kitinda mimba, tutangulie ufungue mlango, kalamu usiiache. Polepole... bega, bega langu... haya. Majirani wakitazama waacheni watazame, sogeeni nyote mje msikie. Nishusheni hapo, sakafuni, karibu na miguu yake.

Usinyanyuke, mkwe wangu, kaa. Ni mimi, yule wa koti jeupe. Lile gunia lako la mwaka wa nne... lilikuwa safi. Niliinywa yote. Niliinywa yote, kisha nikaandika inanuka. Wewe ulisema kweli pale uwanjani, mimi... mimi nikakucheka.

Anasemaje? Sisikii vizuri, binti yangu, nisogezee maneno yake sikioni.

Alijua. Anasema gunia lake lilirudishwa limepungua kibaba kimoja, akajua kuna mtu ameikaanga na kuinywa, na kahawa inayonuka hainywewi. Ndiyo maana hakung'oa. Miaka yote hii hakung'oa hata mbuni mmoja, anangoja niseme.

Andika hilo, kitinda mimba. Andika kwamba nimesema.