Jina Aliloniomba Lourens

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki mlangoni. Wewe Zabron, uliye mkubwa, kaa hapa mbele yangu. Tabita, keti na mdogo wako Lusubilo, na mama yenu Enesi aniinue mgongo. Shamba la kahawa hapa Iyula nimeshaligawa mbele ya wazee wa kanisa, na hilo halina maneno tena. Nataka kusema juu ya Petrus Lourens, Kaburu wa Afrika Kusini, ambaye keshokutwa atafika kuandikiana nanyi mkataba ambao miaka yote hii aliandikiana nami.

Mnajua nchi zetu zilivyochukiana. Mimi mwenyewe, nikiwa balozi wa nyumba kumi, niliwafundisha watu kwamba Kaburu ni adui wa kila Mtanzania, na mwanangu Raphaeli, ndugu yenu, alipokwenda na jeshi Msumbiji mwaka 1987, waliomuua walikuwa waasi waliopewa bunduki na Makaburu. Tukaletewa sanduku, tukaambiwa tusilifungue.

Halafu mwaka 1994 wakubwa wakapeana mikono, tukawasikia redioni, nasi wakulima tukabaki na kahawa tunayoimenya kwa mikono. Kwa Kiingereza changu cha shule ya kati nikamwandikia Lourens, aliyekuwa akiuza mashine za kumenyea, kwamba alete mashine, na malipo achukue maharage tunayopanda katikati ya mibuni. Wengi walinitukana. Bibi Restuta aliniuliza kama Makaburu wanakula ugali; nikamwambia wanakula, tena wa mahindi meupe kama wetu. Akasema, "Basi waje, tuwaone wakishiba wanakuwaje." Chama cha wakulima kikakubali shingo upande.

Nikamfuata Lourens na mdogo wake Dawid huko Nakonde, upande wa Zambia, nikawavusha mpaka wa Tunduma, nikawaleta hapa na lori lao. Nilitaka kijiji kizima kije kuwapokea, na kwa haraka niliyokuwa nayo nikaenda nikagonga rimu ya gari. Kosa langu ndilo hilo, wala msimtwishe mtu mwingine. Rimu ile iliyotundikwa penye ofisi ya kijiji, tangu vita vya Kagera, iligongwa kwa jambo moja tu: mgambo wakusanyike na silaha, adui ameonekana. Niliyewazoeza watu hivyo ni mimi, na siku hiyo nikasahau.

Walitoka mashambani wakikimbia, panga na marungu mikononi, wakawakuta Makaburu wawili wamesimama ubavuni pangu. Mawe yalianza na vioo vya lori. Nilimwangusha Lourens nikamlalia, panga likanipasua bega hili ambalo Enesi amelikanda miaka yote. Dawid alikimbilia kwenye mibuni. Nilimwona akipiga magoti na kuinua mikono yote miwili, nikamwona na aliyemfikia. Panga la kwanza lilichukua vidole, la pili likaingia shingoni, na la tatu halikuwa na kazi tena lakini lilishuka. Aliyekata alisema, "Hii ya Raphaeli." Ilikuwa sauti yako, Zabron.

Lusubilo, mwache kaka yako. Kaa chini. Sijamaliza.

Polisi waliponihoji nilisema watu walikuwa wengi na vumbi lilikuwa jingi. Wakamchukua jirani yetu Anania, kwa kuwa alikutwa na panga lake la kufyekea, wakamweka rumande miezi kumi na minne, akipigwa ataje watu. Akarudi anakohoa damu, tukamzika kabla ya mavuno. Hakumgusa mtu. Nilibeba jeneza lake, na wewe ulikuwa upande wa pili.

Lourens alirudi mwaka 1996. Alivua kofia kwenye mibuni ile, akaniambia kwamba watu wetu na watu wake wameshauana vya kutosha, mashine zitakuja na maharage yatakwenda. Halafu akasema, "Mzee Mbonile, sitaki afungwe. Nataka jina tu, nijue ninayemsamehe." Nikamwambia silijui. Kila mkataba mpya, kabla hajatia sahihi, aliweka kalamu chini akauliza tena, nami nikamjibu vilevile, naye akatia sahihi. Miaka kumi na miwili. Mashine tisa za vijiji hivi, na ada zenu za shule, zimesimama juu ya uongo huo.

Sasa shikeni haya. Keshokutwa msitie sahihi kabla Zabron hajasema. Utasema kwa kinywa chako, ukitaja jina lako kamili, Zabron Ezron Mbonile. Usiseme vumbi, usiseme umati. Mwambie habari za Raphaeli, na umwambie kwamba baba yako alijua. Tabita atatafsiri, mwanangu, usipunguze neno. Kisha nendeni kwa mjane wa Anania mkaseme hayo hayo, na akitaka shamba la bondeni, mpeni. Lourens akiondoka na lori tupu, mfungulieni lango, msimlaumu. Akikuitia polisi, Zabron, nenda kwa miguu yako.

Enesi, maji... yatosha.

Tabita, Lusubilo, msimtenge kaka yenu. Mungu awape... awape mioyo inayokaa pamoja. Zabron, lete mkono. Siyo huo. Wa kulia, ule wa panga... ndiyo. Usiuvute. Nimekaa nao nyumba moja miaka yote hii bila kuushika. Mungu aubariki... hata mkono huu. Acha hapo. Usiuvute, mwanangu... bado...