Springi za Mzee Kalama na Barabara Isiyo na Shimo

Mzee Kalama Nguma, fundi wa springi katika karakana yetu ya Changamwe, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1949, baada ya kuitumikia idara kwa miaka ishirini na mitatu. Kumi na saba kati ya hiyo ameimaliza akiwa amelala chali chini ya motokaa moja. Idara imemzawadia saa ya ukutani, ili ajue vizuri ni saa ngapi sasa kwa kuwa hana tena pa kuwahi.

Motokaa yenyewe mnaijua: ile nyeusi ya milango minne, ya Bwana Mkubwa wa barabara. Bwana wa kwanza kuitumia amekwisha kurudi kwao, nasi hatumtaji jina kwa heshima ya picha yake iliyobaki ofisini. Kazi yake ilikuwa kukagua barabara ya kutoka hapa hadi Miritini kila mwezi na kuandika ripoti. Aliikagua kwa bidii kubwa, akiwa kiti cha nyuma, mara nyingi amefumba macho.

Mzee Kalama alihakikisha hasumbuliwi. Springi ni vyuma bapa vilivyolaliana. Ukipunguza kimoja gari linalainika, ukiongeza linakuwa gumu. Yeye alipunguza, akazipiga tupa ncha, akapaka grisi visikwaruzane. Upande wa kushoto aliacha kimoja cha ziada, kwa sababu Bwana aliketi upande huo na alikuwa mtu wa kula akashiba. Kisha aliweka bakuli la maji kwenye kiti cha nyuma na kumtuma dereva Katana aende Mikindani na kurudi. Tone moja likimwagika, vyote vilifunguliwa upya. Sisi wa lori la kazi tulilionea wivu bakuli lile.

Ufundi huo ulizaa matunda kupita kiasi. Kila mwezi ripoti ilisema barabara haina shimo. Gershom wa bohari aling'oka jino akiwa ameketi tu ndani ya lori, na ripoti ikazidi kusifu. Tuliandika barua mbili za malalamiko. Tulijibiwa kwamba Bwana amepita mwenyewe na hakuhisi kitu, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Aprili 1943, Nyamvula, binti wa Mzee Kalama aliyeolewa Miritini, alishikwa na uchungu wa uzazi, akapakiwa kwenye lori letu aletwe zahanati ya Changamwe. Hakufika. Alijifungulia Mikindani, juu ya magunia, lori likiwa limekwama katika shimo ambalo kwa mujibu wa ripoti halikuwepo. Mtoto alitoka mzima, lakini mama alipoteza damu nyingi, na kwa wiki tatu hatukujua kama atapona. Tulikasirika sote. Mzee Kalama aliuliza jambo moja tu: ukaguzi ni lini.

Siku moja kabla ya ukaguzi alivirudisha vyuma vyote alivyopunguza, akaongeza na vya lori. Alijua akigunduliwa kazi imekwisha, na miaka ile ya vita alikuwa na nyumba nzima ya kulisha. Safari hii hakuweka bakuli. Aliwekwa Bwana.

Katana husimulia kwamba shimo la kwanza lilimvua Bwana kofia, la pili likamgongesha kichwa kwenye paa, na kuanzia la tatu alikuwa akimtaja mama yake. Kuanzia Jomvu aliomba kutembea kwa miguu. Aliporudi alimwamuru fundi aitazame motokaa. Mzee Kalama aliingia chini, akakaa huko hadi tukadhani amelala, akatoka akifuta mikono.

“Gari ni zima, Bwana,” alisema kwa upole. “Barabara ndiyo mgonjwa.”

Ndipo ikaandikwa ripoti ya kwanza ya kweli, na wiki ya pili kokoto zikamwagwa hadi Miritini. Mzee Kalama akazilainisha springi tena, akapewa barua ya pongezi kwa kuitibu motokaa ambayo haikuugua. Tangu hapo imeugua mara nne, kila mara barabara inapoharibika. Idara haijashangaa hata siku moja.

Masika ya mwaka huu yameichimba barabara vibaya mno, na Nyamvula anatarajia mtoto mwingine mwezi wa Agosti. Bwana Mkubwa mpya, ambaye bado anajifunza Kiswahili na karatasi hii ataielewa mwakani, amejitolea kwa ukarimu kumsindikiza mstaafu jioni hii hadi kwake Mikindani. Wataketi pamoja nyuma. Itakuwa mara ya kwanza kwa Mzee Kalama kukaa juu ya springi zake.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako, na kwa mgongo wako ambao leo utautoa tena kwa ajili yetu. Mungu akupe uzee mtulivu, wewe na mkeo mama Sidi, na wajukuu wazaliwe kitandani. Jana kutwa ulishinda chini ya motokaa ile, nasi hatukukuuliza unapunguza au unaongeza.

Bwana Mkubwa mpya naye tunamtakia safari njema. Kofia aivue mapema.