Mstari Uliokwepa Benchi

Asubuhi hiyo benchi la kijiweni lilijaa kama kawaida, na mbele ya miguu ya waliokaa ulipita mstari mwekundu. Ng'ambo ya mstari ni uwanja wa karakana ya zamani ya betri, ambao halmashauri imetangaza udongo wake una sumu. Upande huu ni salama; tangazo liko ukutani, na lina muhuri. Mstari unakuja umenyooka kutoka kona ya juu, ukifika kijiweni unapinda, unalikwepa benchi, unalikwepa na bomba la maji ya kahawa, kisha unanyooka tena kana kwamba hakijatokea kitu. Aliyeuchora ni Brashi, fundi rangi, na siku ya tatu sasa kahawa anaishika tu, hainywi. Siku ile ya kuchora, bwana afya alikuja na gari, hakushuka, akamwonyesha kwa kidole dirishani: benchi na bomba vyote viwe upande wa hatari. Brashi akaitikia. Gari lilipoondoka akalitazama benchi alilokalia miaka tisa, shetani akamnong'oneza, mkono ukapinda. Jioni bwana afya akarudi, akakagua akiwa mlemle garini, akasaini. Kwa Mungu Brashi alishatubu. Kwa wenzake, bado.

— Mimi nauliza tu, alisema Redio, kinyozi wa jirani, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Kwa nini upinde hapahapa?

— Vipimo hivyo, alijibu Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama ambaye hukumu hajaacha kutoa. Sumu imefika hapa ikakomea.

— Imetukuta tumekaa ikaona aibu?

— Usicheke. Wale wana utaalamu.

— Utaalamu gani, mzee? Walikuja na mabuti, glavu, na barakoa mbilimbili, wakatuambia tusiwe na wasiwasi.

— Hiyo ni heshima. Mgeni akija kwako havai vizuri?

Shemeji, muuza kahawa, alizungusha birika.

— Mimi nasema ni kahawa. Mvuke wake unakata sumu. Mwaka huu nani kaumwa hapa?

— Wewe unatafuta wateja tu, alisema Redio. Chini yetu kuna madini. Hawataki tujue, ndiyo maana wameyapitia pembeni.

— Madini, alidakia Jaji, ni hadithi za kinyozi. Ukiutazama kutoka angani, mpindo huu ni herufi ya kwanza ya jina la mwenyekiti wa mtaa. Anajiandikia eneo.

— Umeutazama lini kutoka angani, Jaji?

— Nimepanda ngazi.

Redio akageuka.

— Brashi, wewe ndiye mchoraji. Walikwambiaje?

Brashi alikigusisha kikombe mdomoni, hakunywa.

— Walinionyesha kwa kidole.

— Mnasikia? Hata kuyataja madini hawakuthubutu.

Wakati huo alifika mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba.

— Samahani, mimi mgeni. Maji ya bomba hili yanafaa kumkorogea mtoto maziwa?

Jaji akamtazama Redio, Redio akalitazama tangazo, Shemeji akalitazama birika. Tangazo lilisema salama. Mdomo wa kumwambia hivyo mama wa mtoto haukupatikana.

Brashi akasimama.

— Usichote, mwanangu. Nipe ndoo nikakuchotee ya bomba la shuleni. Mstari nimeupinda mimi. Bomba lilitakiwa kuwa upande ule. Na benchi.

Shemeji alilitua birika taratibu, kama linalouma.

— Siku tatu, alisema Redio. Siku tatu unanitazama nikinywa.

— Niliogopa tutakosa pa kukaa. Nimekosa, ndugu zangu. Mnisamehe.

— Kusamehe tutasamehe, alisema Shemeji. Lakini hapa hupati kikombe mpaka ukaunyooshe.

— Nitaenda halmashauri pia, nikaseme. Kwanza maji ya mtoto.

Akaondoka na ndoo, mwanamke akimfuata. Shemeji alilimwaga birika lote ng'ambo ya mstari, akafunga vikombe vyake. Redio akanyanyuka, akijipangusa suruali kwa nyuma. Alibaki Jaji peke yake, akisema yeye haondoki mpaka aone barua ya halmashauri; ila miguu alikuwa ameshaipandisha juu ya benchi.