Msasa, Fundi Aliyekata Kitanda cha Ndoa

Ndugu mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu tuliyemwita Msasa, nami nayasoma kama alivyoagiza, pamoja na ya chumbani, kwa kuwa alisema mficha uchi hazai.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1964 hadi 1970, hesabu zikamshinda zote isipokuwa za kupima mbao, mwaka uliofuata akaingia karakana ya mjomba, akawa seremala kwa miaka hamsini, akisifika kwa vitanda, wateja wakitania kwamba kitanda cha Msasa hakitoi siri za wenyewe.

Tarehe 9 Agosti 1980 alimwoa shemeji yetu, fundi cherehani, Mungu akawajalia binti wawili na mvulana mmoja.

Mwaka 2007 shemeji, akiwa na miaka arobaini na tisa, alianza kukoma hedhi, akawa anavuja jasho bila kazi, tendo la ndoa likawa maumivu, akaona haya kusema, naye kaka akaamini yupo mwanamume mwingine, basi Jumamosi moja asubuhi akashika msumeno akakikata kitanda chao katikati, ili kila mtu achukue chake, na fundi mzima akasahau kwamba nusu kitanda ina miguu miwili tu, nusu zote mbili zikaanguka.

Binti mkubwa ndiye aliyewapeleka kliniki, muuguzi akawaeleza kwamba homoni ni kama wajumbe wanaosafiri ndani ya damu, kwamba katika umri ule hupungua na kuleta ukavu, na hamu inaweza kushuka bila mtu kuacha kumpenda mwenzake, tena hamu hiyo husikiliza pia maneno mazuri na moyo uliotulia. Shemeji akapewa dawa, kaka akaomba radhi, akaunda kitanda kipya, lakini aibu ya msumeno haikumtoka.

Februari 2015 aligundulika na saratani ya tezi dume, akaanza sindano za kushusha homoni ya kiume inayoilisha saratani hiyo, hamu ikamwondoka, jasho likamlowesha hata siku za baridi, akawa anajificha karakana mchana kutwa, akiogopa kwamba mkewe atampimia kwa kipimo kile kile. Wiki ya tatu shemeji alimfuata, akamkuta shati limeloa, akaketi kando yake kwenye benchi la kurandia, akamwambia, "Karibu chamani, baba watoto, shika upepeo. Hamu ndiyo iliyosafiri, mimi nipo." Kaka alicheka hadi akalia, na tangu siku hiyo walitembea wameshikana mikono, na kila bwana harusi aliyeagiza kitanda aliambiwa kwamba mwili wa mwenzio ukibadilika, uliza kwanza, usihukumu.

Aliitwa na Mola wake tarehe 3 Juni 2023, saa tatu asubuhi, nyumbani, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, yule muuguzi wa kliniki ambaye leo yupo hapa, majirani waliopika na kufua, na mafundi wenzake waliolichonga jeneza hili. Shemeji ameniomba niongeze jambo moja, kwamba miaka hii minane, ambayo wengine walidhani ni ya ukame, ndiyo iliyokuwa fungate yake.

Kaka, pumzika katika amani ya Mungu wetu.