Mzee Kutu na Gari la Bintiye

Huyu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mzee Kutu, alizaliwa tarehe 11 Juni 1956, mtoto wa pili wa mwashi na mshonaji, katika nyumba iliyo karibu mno na bahari hata bawaba za milango zililiwa na chumvi. Alisoma mpaka darasa la saba, kisha akajifunza ufundi wa bodi za magari.

Mwaka 1979 alilipaka grisi chini gari la kaka yake ili kulikinga na kutu. Akaona matundu madogo chini ya milango na sakafu, akayaziba yote, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumbe yalikuwa ya kutolea maji. Maji ya chumvi yakalala ndani, kutu ikala kimyakimya, na siku moja sakafu ikaachia gari likiwa mwendoni. Kaka alipona, ila yupo hapa na mkongojo wake. Hofu iliyomwingia marehemu siku ile haikumtoka tena.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tarehe 2 Agosti 1983, siku ya ndoa yake, alilala na suti mpya chini ya gari la maharusi akitafuta kutu, akatoka na goti jeusi. Bibi harusi akamwambia, "Leo pia?" Akajibu, "Leo ndiyo hasa, umo ndani wewe." Wateja wake aliwaambia neno lile lile: osha gari chini kwa maji ya bomba, likauke, ndipo upake grisi.

Figo zilianza kumsumbua Novemba mwaka jana. Hospitalini hakuuliza habari za dawa, aliuliza gari la bintiye, ambalo hakuwa amelikagua tangu alazwe. Asubuhi ya tarehe 9 Machi alimpigia simu.

"Mwanangu, usije na hilo gari. Naogopa."

"Baba, kwa basi nitachelewa."

"Chelewa, lakini fika."

Binti alipanda basi. Alipofika, baba alikuwa ameshafumba macho. Alilia kwa uchungu na, tuseme ukweli, kwa hasira. Jana fundi aliyefanya kazi na marehemu aliingia chini ya gari lile, bomba la breki lililoliwa na kutu likamkatikia mkononi kama biskuti. Binti akakaa chini palepale.

Marehemu ameacha mjane, kaka, binti mmoja na wajukuu wawili, ambao asubuhi ile wangekaa kiti cha nyuma.

Kapumzike, Mzee Kutu. Kuogopa tuachie sisi.